Kungoja Kuwe na Tarehe: Mazungumzo na Wenye Saiba wa Kisumu

Hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie swali moja: mfumo mpya wa kompyuta ukitoka, uuweke papo hapo au ungoje? Nikiangalia ukumbini naona wenye saiba wa Kondele na Nyalenda, makarani wa shule, na wafanyabiashara wa Kibuye. Basi nitasema juu ya mashine za kazi. Kijana mwenye laptopu yake ya kuchezea michezo nyumbani na afanye apendavyo.

Kuna vitu viwili ambavyo watu huviita apdeti kwa jina moja. Kuna viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu, ambavyo Microsoft huvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Halafu kuna toleo jipya zima, kama vile kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kwenye skrini vinakujia kwa sura moja, lakini uamuzi wake si mmoja.

Viraka havingojwi. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu fulani ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kikapenya kwa tundu hilo hilo, kikafunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali za umma Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwa kimekaa miezi miwili kikisubiri kubonyezwa. Najua kuna anayesema, "Mimi nilizima zote, zinanimalizia bando." Kilio cha bando nakielewa. Lakini kompyuta yako ina vitambulisho na nywila za KRA, mamlaka ya kodi, za mtaa mzima, ndugu yangu.

Toleo jipya ni habari nyingine, na hapo mimi niko upande wa wanaongoja. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kusambaza toleo jipya la Windows 10. Tarehe 6 likasimamishwa, kwa kuwa baadhi ya watu waliliweka wakakuta nyaraka na picha zao zimefutika. Lilirudi katikati ya Novemba likiwa limerekebishwa. Hata wale wa Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, mtu aliye kwenye toleo la muda mrefu, lile linalohudumiwa kwa miaka mingi, haletewi toleo linalofuata la muda mrefu Aprili linapotoka. Kwa kawaida huletewa miezi michache baadaye, marekebisho ya kwanza yakishatoka. Ikiwa waliolitengeneza wenyewe hawana haraka, wewe unakimbilia wapi?

Tena mara nyingi kinachogoma si Windows yenyewe. Ni vile inavyofanya navyo kazi. Tembea Oginga Odinga Street uingie saiba yoyote: kuna printa kuukuu ambayo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, kuna skana, na pengine kuna programu ya hesabu iliyowekwa na fundi ambaye siku hizi hashiki simu. Draiva ya printa ile, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, isipopatikana kwa mfumo mpya, umebaki na kompyuta nzuri isiyotoa karatasi. Kwa hiyo andika vyote vinavyokuletea pesa, kimoja kimoja, uingie kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama anautambua mfumo mpya. Fungua na ile fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni, yenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani yake. Ukiwa na mashine zaidi ya moja, pandisha ile ya pembeni kwanza, ifanye kazi mwezi mzima, ipite na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani ya VAT, ndipo uiguse ile ya mbele.

Wakati nao una maana. Usibonyeze kitufe hicho wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya ritani za kodi ikiwa imefika barabarani. Usibonyeze alasiri ya mvua ikiwa huna UPS, ile betri ya akiba stima ikipotea. Stima ya hapa mnaijua kuliko mimi. Nakili faili kwenye diski ya nje kwanza, na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows, andika ule ufunguo wa kurejesha mahali pasipokuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. (Mnacheka, lakini huko ndiko wengi huuweka.)

Sasa, kungoja kuwe na tarehe. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokatika ni viraka. Watumiaji wa kawaida wamepewa mpango wa kujiandikisha waendelee kuvipata hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kama bado uko huko, jiandikishe, utumie muda huo kupanga.

Na wengi wenu mna mashine za ex-UK, zilizotumika kwanza Uingereza, kwa hiyo geuzeni laptopu msome. HP EliteBook 840 G3 ina prosesa kama i5-6300U. Hiyo 6 baada ya kistari ni kizazi cha sita, na kwa Intel, Windows 11 kwa jumla huanzia kizazi cha nane. 840 G5 yenye i5-8350U inaingia. Kwa nje wauzaji huziweka pamoja, na bei usiniulize. Mafundi wanaweza kuilazimisha G3 ikubali, lakini Microsoft haiahidi kuiletea masasisho. Kwa mashine ya watoto sina neno. Kwa mashine inayopokea vitambulisho vya wateja, nisingekubali. Bora Linux, baada ya kuhakikisha kazi zako zinafanyika humo.

Ukishapanda Windows 11 na mambo yakakataa, unaweza kurudi ulikotoka kupitia mipangilio, sehemu ya urejeshaji, ila kwa kawaida una siku 10 tu. Zikipita, kurudi ni kufuta na kuanza upya. Basi jaribuni kila kitu siku ile ile, msingojee mteja ndiye awagundulie. Haya, mama pale nyuma umeinua mkono tangu nitaje printa. Ni ya aina gani?