Konokono wa Bwawani na Kumbukumbu Zake

Mwenyekiti, wanazuoni wenzangu, mabibi na mabwana,

Mnyama nitakayemzungumzia ni konokono wa maji baridi ambaye Carl Linnaeus alimwandika katika orodha yake ya viumbe mwaka 1758, na ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Lymnaea stagnalis. Makazi yake ni mabwawa, maziwa na mito inayokwenda polepole yenye mimea mingi, katika Ulaya, kaskazini mwa Asia na Amerika ya Kaskazini. Gamba lake ni jembamba, lina rangi ya hudhurungi hafifu, limejisokota kuelekea kulia hadi kwenye ncha kali, na kwa konokono mzima hufikia urefu wa sentimita 5 hivi. Ni huntha: kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, na hutaga mayai kwa makumi ndani ya ute mzito unaoganda kwenye majani ya majini.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba konokono huyu hana matamvua. Ingawa maisha yake yote yamo majini, anapumua kwa pafu, na upande wa kulia wa mwili ana tundu dogo analolifungua anapofika juu ya maji. Pamoja na hayo, ngozi yake nayo hupitisha oksijeni. Maji yakiwa na oksijeni ya kutosha hutegemea zaidi ngozi; ikipungua, hupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa. Naomba tuliweke jambo hili akilini, kwa maana utafiti nitakaoueleza haungewezekana bila njia hizi mbili za kupumua.

Mfumo wake wa neva una seli zipatazo 20,000 tu, na nyingi miongoni mwake ni kubwa, zenye rangi ya chungwa, zinazoonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida. La ajabu zaidi ni kwamba seli fulani hukutwa mahali palepale kwa kila konokono, hata watafiti wamezipa majina, na anayeichunguza leo anaweza kuirudia seli ileile kwa konokono mwingine kesho. Mwaka 1990, Naweed Syed, Andrew Bulloch na Ken Lukowiak, watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, walizitoa seli tatu zinazoongoza upumuaji wa hewa, wakazikuza nje ya mwili. Seli hizo ziliunganika upya zenyewe, na mapigo ya upumuaji yakaanza tena ndani ya kisahani, bila konokono.

Kutoka hapo lilizuka swali zito: je, upumuaji huo unaweza kubadilishwa kwa mafunzo? Konokono huwekwa katika maji yaliyoondolewa oksijeni kwa kupitishwa nitrojeni, na kila anapoanza kufungua tundu lake huguswa hapo polepole kwa kijiti chembamba, naye hulifunga. Hadhuriki, kwa kuwa ngozi inaendelea kumsaidia. Baada ya vipindi vichache hupunguza majaribio ya kulifungua. Wenzake walioguswa mara zilezile, lakini bila kujali kama wamefungua tundu au la, hawabadiliki. Kwa hiyo kinachofanya kazi hapa ni kujifunza, wala si uchovu au hofu ya kuguswa. Mafunzo mafupi huacha kumbukumbu ya saa chache, na marefu zaidi huacha kumbukumbu inayovuka siku nzima.

Mwaka 2002 kundi hilohilo la Calgary lilichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kilele cha kazi hii yote. Miongoni mwa zile seli tatu, waliharibu kiwiliwili cha ile inayoanzisha mapigo, yaani sehemu yenye kiini, wakauacha utando wake wa nyuzi ukiwa hai. Konokono aliendelea kupumua, akaendelea kujifunza, hata kukumbuka kwa saa chache. Kilichotoweka ni uwezo wa kujenga kumbukumbu ya muda mrefu. Kumbukumbu ya namna hiyo huhitaji jeni zifanye kazi na protini mpya zitengenezwe, na jeni zimo ndani ya kiini. Hivyo seli moja, yenye mahali panapojulikana, ilionyeshwa kuwa ya lazima kwa kumbukumbu ya mnyama mzima. Sijui mnyama mwingine ambaye amelijibu swali hili kwa uwazi kama huu.

Hata hivyo, maabara isitusahaulishe bwawa. Konokono huyu hujenga gamba lake kwa kalisi anayoifyonza majini, na mtafiti Sarah Dalesman na wenzake waliona kwamba konokono waliowekwa katika maji yenye miligramu 20 za kalisi kwa lita, badala ya 80, walishindwa kujenga kumbukumbu ya muda mrefu. Madini ya risasi huvuruga ufyonzaji huohuo, na konokono huyu ni miongoni mwa wanyama wa maji baridi wanaodhurika nayo kwa kiwango kidogo sana. Mwaka 2016 OECD, shirika la nchi kadhaa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilipitisha mwongozo wa kupima kemikali kwa kuhesabu mafungu ya mayai anayotaga katika siku 28, na sasa ni mmoja wa wanaotumika kuamua kama kemikali inazuia uzazi wa konokono wa majini.