Kwenye C Una Kitu Chochote cha Maana?

Habari zenu, na asanteni kwa kuja.

Kuna swali ambalo wengi wenu mmeshaulizwa. Umesimama mbele ya meza ya fundi, kompyuta imegoma kuwaka. Fundi hata hakuangalii, mkono uko kwenye kibodi: "Kwenye C una kitu chochote cha maana?"

Mimi nilijibu kwa kujiamini kabisa. "Hapana, kazi zangu zote ziko D." C ni sehemu ya diski inamokaa Windows, D ni sehemu ya pili ya diski hiyo hiyo. Akaifomati C, yaani akaifuta yote, akapiga Windows upya, nikaondoka na mashine nyepesi kama imetoka dukani. Nikafungua D: kila kitu kipo. Nikalala vizuri.

Hasara ilikuja kwa mafungu. Kesho yake nikatafuta barua niliyokuwa nimeiweka Desktop "kwa muda tu", haipo. Keshokutwa kivinjari kikaniomba nywila za tovuti ambazo sijawahi kuziandika popote, maana chenyewe ndicho kilikuwa kinanikumbukia. Siku ya nne nikafungua programu ya barua pepe na kukuta ukurasa mweupe. Miaka kadhaa ya barua ilikuwa inashushwa kutoka kwenye seva, kompyuta ya mtoa huduma, na kuhifadhiwa C, halafu seva inafuta nakala yake. Niliiweka hivyo mwenyewe zamani, nikasahau.

Simlaumu fundi. Aliuliza swali halali, nami nikampa jibu la uongo bila kujua. Ninachotaka kusema leo ni kwamba wengi wetu hatuwezi kulijibu swali lile, kwa sababu mpaka tunaouchora kwenye diski sio mpaka unaohitajika.

Zamani kidogo, watu waliweza. Mnajua kwa nini diski kuu inaitwa C? Kwa sababu A na B zilikuwa nafasi za diski laini. Kwenye mashine nyingi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, diski ya mfumo uliichomeka A na diski ya kazi zako ukaichomeka B. Ukimaliza, unaichomoa ya B unaitia mfukoni. Mfumo endeshi ulibaki mezani, kazi zako zikaenda na wewe. Kisha diski ngumu zikazoeleka. IBM PC XT ya 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10, na watu wakafurahi kwa haki kabisa, ila kuanzia hapo mfumo, programu na barua zako vikalala kitanda kimoja.

Wa upande wa Unix, mfumo endeshi mwingine wa zamani, nao wana kisa chao, na mimi nakipenda zaidi. Waundaji wake, Ken Thompson na Dennis Ritchie, pale kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, walikuwa na folda iitwayo /usr. Jina linajieleza: humo ndimo zilimokaa faili za watumiaji. Lakini diski za siku zile zilikuwa ndogo mno. Makala yao ya 1974 inataja diski za megabaiti 2.5, na picha moja ya simu ya leo mara nyingi inazidi hapo. Diski ya mfumo ikajaa, programu zikamwagikia kwenye /usr, na baadaye watumiaji wakatafutiwa pengine, ambapo leo kwenye Linux, mfumo wa ukoo wa Unix, ni /home. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akahama. Hadi leo ukifungua /usr utakuta kila kitu isipokuwa mtumiaji.

Kwa hiyo mkikuta mpangilio wa folda haueleweki, msijione wajinga. Sehemu kubwa yake haikupangwa, ilitokea tu.

Turudi kwenye D. Mafundi wanapogawa diski moja kuwa C na D wana sababu nzuri: mfumo ukiharibika wanafuta C bila kuigusa D. Hapo nakubaliana nao. Ninapotofautiana nao ni pale mtu anapoambiwa asakinishe na programu zake huko D "ili zisipotee". Hebu tuitazame programu moja kwa karibu.

Unasakinisha programu ya kuhariri picha, unachagua D. Folda yake kubwa inakwenda D kweli. Lakini maktaba ndogo inazozitegemea, yaani faili za msaada ziitwazo DLL, zimetupwa ndani ya folda ya System32, iliyo C. Maelezo kwamba programu ipo, imesakinishwa na inafungua aina fulani za faili yameandikwa kwenye rejista ya Windows, daftari lake la kumbukumbu za mipangilio, nayo iko C. Data ya pamoja imeingia folda ya ProgramData, mipangilio yako imeingia folda ya AppData, zote mbili C. Siku C ikifutwa, folda kule D utaikuta imejaa vizuri, gigabaiti zake zote. Bofya sasa. Utaambiwa kuna faili la DLL halipatikani, au leseni haitambuliki, au kimya tu. Umeokoa mlango, bawaba zimebaki kwenye nyumba iliyobomolewa.

Ipo michezo, na zipo programu zinazojitosheleza ndani ya folda yake moja, ambazo zinaweza kunusurika. Hizo ziwekeni mnapotaka. Nyingine zote ni za mfumo kuliko zilivyo zenu. Mfumo ukiondoka, ziacheni ziondoke nao, mtazisakinisha tena.

Basi mpaka uko wapi? Mimi najiuliza hivi: kitu hiki kikipotea, kuna mtu mwingine duniani anayeweza kunipa? Windows yenyewe, ndiyo. Programu, ndiyo, hata kama ni kwa kuchosha. Picha za mama yangu, hapana. Na mipangilio, alamisho, nywila, kamusi ya maneno niliyoifundisha programu ya kuandikia kwa miaka? Hapana pia. Hapo ndipo C inapotudanganya, kwa sababu vitu hivyo tunavitengeneza sisi lakini hatuvioni. Fungua C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako. Huioni AppData, imefichwa. Ukiamuru folda zilizofichwa zionekane, inajitokeza, ndani yake Local, LocalLow na Roaming, na humo yamelala maisha yako mengi tu.

Linux kwenye jambo hili imetulia zaidi, nasema hivyo bila ushabiki. Mipangilio yako inakaa ndani ya /home, kwenye faili na folda ambazo majina yake huanza na nukta. Ukiipa /home patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski, unaweza kufuta mfumo mzima, ukaweka toleo jipya, na kivinjari kikafunguka na alamisho zake zote kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuna mitego miwili. Wakati wa kusakinisha, hakikisha alama ya kufomati haijawekwa kwenye mstari wa /home. Ni kisanduku kidogo sana kwa maafa makubwa hivyo. Na kama mashine ina watumiaji wawili, waundeni upya kwa mpangilio ule ule wa awali. Linux haiandiki jina la mwenye faili, inaandika namba, na kwa kawaida mtu wa kwanza hupewa 1000, wa pili 1001. Mkigeuza mpangilio, kila mmoja atakuta faili zake ni mali ya mwenzake.

Watengenezaji nao wameamka. Apple, kuanzia macOS Catalina ya 2019, iliuweka mfumo kwenye sehemu yake isiyoandikika, na Big Sur ya 2020 ikaongeza muhuri wa kidijiti: faili moja ya mfumo ikibadilishwa kinyemela, inajulikana. Kilicho kizuri zaidi ni kwamba sehemu mbili, ya mfumo na ya data yako, zinachangia nafasi moja ya diski. Hakuna ile kero ya C kulalamika kuwa imejaa huku D ina gigabaiti 300 tupu.

Na simu je? Simu ya Android imegawanywa tangu unainunua. Mnajua ile kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani? Watu hushangaa kwamba simu inasafishwa, lakini toleo la Android halirudi lile la siku ya kwanza. Ni kwa sababu sehemu ya mfumo haiguswi kabisa, kinachofutwa ni sehemu ya data. Yaani wewe. Fundi wa kompyuta anafuta mfumo ili akubakishe, simu inakufuta wewe ili mfumo ubaki. Ukuta ni ule ule, tofauti ni upande unaobomolewa.

Kwa mwenye Windows, hatua yenyewe ni fupi. Bofya kulia kwenye folda ya Documents, nenda Properties, kisha Location, uihamishie D. Fanya vivyo hivyo kwa Desktop, Pictures na Downloads. Tengeneza kwanza folda ya kila moja huko D. Usielekeze Documents kwenye D yenyewe tupu, utapata shida kuirudisha. AppData msiihamishe, programu nyingi zitachanganyikiwa. Hiyo chukueni nakala yake. Na kama diski zenu zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, tafuteni ufunguo wa kurejesha leo, kabla hamjafomati chochote, maana D iliyozoea kufunguliwa na Windows ya zamani haitaijua Windows mpya.

Nakala, nimesema. D sio nakala. C na D ni vyumba viwili kwenye diski moja. Diski ikifa, vyote vimekufa. Mashine ikiibiwa, mwizi hachukui C akakuachia D. Virusi vya kudai fidia havisomi herufi ya diski, vinafunga kila kinachofikika. Kugawa diski kunarahisisha kujua cha kunakili, basi. Nakala yenyewe ikae kwenye kifaa kingine, na kisiwe kimechomekwa muda wote.

Programu sizinakili siku hizi, nanakili orodha yake. Ni faili moja ya maandishi iko D, mistari arobaini na kitu: jina la programu, niliipata wapi, leseni kama ipo, na ule mpangilio mmoja ambao huwa nausahau kila mara. Mstari wa kwanza unahusu programu ya barua pepe, na umeandikwa kwa herufi kubwa: ACHA NAKALA KWENYE SEVA.

Haya, naona mikono. Tuanze na wewe kaka, pale nyuma.