Laki Nne Mkononi: Zorki au Canonet?

LUSAJO: Kamwene, ugonile, habari za huko mliko. Mi niko Soweto Mbeya, mvua imeanza kupiga bati sasa hivi kwahiyo mkisikia kelele msiguse spika zenu, ni mvua. Dada Neema yuko Iringa.

NEEMA: Kamwene kaka. Huku upepo tu, mvua yenu mnaibana wenyewe. Leo tuna voisi ya msikilizaji wetu wa Makambako, imenifurahisha sana. Kijana anasema ana laki nne, hiyo ndo yote, hana nyingine kwa mjomba wala kwa shangazi, anataka kamera ya reinjifainda, ya mkanda wa filamu, halafu anataka na lenzi tatu.

LUSAJO: (anacheka) Lenzi tatu!

NEEMA: Usimcheke bwana, na we ulianza hivyo hivyo.

LUSAJO: Mi nilikuwa mbaya zaidi, mi nilitaka Leica, reinjifainda ya Mjerumani. Nilikuwa na picha ya ile M3 ya 1954 kwenye simu kama mtu aliyeweka picha ya mchumba, siku nikapiga hesabu nikaona kwa bei ile ntafute tu bodaboda niingie barabarani. Ndo nikashuka, nikashuka, nikashuka mpaka kwa Mrusi, kwa Zorki.

NEEMA: Subiri kwanza, kuna watu wanasikiliza hawajui reinjifainda ni nini, wanadhani ni kamera yoyote ya zamani.

LUSAJO: Haya. Kamera nyingi mlizozoea, zile za kioo cha ndani, unaangalia kupitia lenzi yenyewe. Hii huangalii kupitia lenzi, unaangalia kwenye kidirisha chake pembeni, na katikati ya kidirisha kuna kidoa cha mwanga chenye picha ya pili. Sasa chukulia mtu ametoka kilabuni amekunywa ulanzi, anaona mkewe wawili mlangoni. Ndo hivyo hivyo. Unazungusha lenzi, wale wawili wanasogeleana, wakishakuwa mmoja basi fokasi imekaa, piga.

NEEMA: Ulanzi umemtoka.

LUSAJO: Ulanzi umemtoka. Na kwa sababu hakuna kioo cha kuruka juu, kamera haipigi kelele na haitikisiki, unaweza kupiga kwa 1/30 ya sekunde umeshika mkononi tu na picha isichezecheze.

NEEMA: Hilo la kelele mi ndo lilininunulisha. Kwetu kwaya wanafanya mazoezi jioni, taa moja ya njano, ukija na ile kamera ya kioo kila ukipiga mtu wa sauti ya tatu anageuka. Canonet yangu, reinjifainda ya Canon, inasema tik, wanadhani ni bati linapoa. Ile shata yake, mlango wa kuruhusu mwanga, iko ndani ya lenzi, vile visahani vidogo vinafunguka na kufunga, sio pazia.

LUSAJO: Haya ushaanza kuipigia debe.

NEEMA: Naipigia debe ndio! Sikiliza we wa Makambako. Canonet QL17 GIII, ya 1972, lenzi yake ni milimita 40 yenye tundu la mwanga la f/1.7, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, haitoki, imeganda hapo. Watu wengi wakisikia lenzi haitoki wanaona wamepunjwa, mi naona umeokolewa. Laki nne haina uwezo wa kulisha lenzi tatu mdogo wangu. Ukinunua tatu utapata tatu zenye fangasi. Milimita 40 iko katikati, mtu na nyumba yake vinaingia, na ukisogea hatua mbili unapata uso.

LUSAJO: Ila useme na ubaya wake.

NEEMA: Nasema. Betri. Ilitengenezewa betri ya zebaki, PX625, volti 1.35, haziuzwi tena kwa sababu ya sumu. Ukiweka ya kawaida ya 1.5 mita ya kupimia mwanga inakudanganya. Dawa yake ni betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, zina volti 1.4 hivi, unaikazia na karingi kadogo isicheze. Ila zinakufa haraka zikishapata hewa. Halafu kitu kingine, ukitoka otomatiki ukaweka mwenyewe, mita inazima kabisa, hapo upime kwa jicho au kwa programu ya simu.

LUSAJO: Kwa jicho sio kazi, huku kwetu jua ni lile lile. Saa sita mchana, jua kali hakuna wingu, unaweka f/16 na kasi ya shata unafuata namba ya mkanda. Mkanda wa 200, shata 1/250, ndo ya karibu. Wingu likija unafungua kwenda f/8. Mi Zorki yangu haina mita hata kidogo na sijawahi kulia.

NEEMA: Ulilia Kitulo.

LUSAJO: (kimya kidogo) We dada we.

NEEMA: Waambie.

LUSAJO: Aisee. Haya, Zorki 4 ni kamera ya Kirusi, ilitengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia 1956 mpaka 1973, nzito kama nondo, lenzi zinafungwa kwa kuzungusha, uzi wa milimita 39, ule ule wa Leica za zamani. Shata yake ni pazia la kitambaa. Sasa na we unakumbuka nimesema hakuna kioo ndani, maana yake lenzi ikitazama jua, jua linapita moja kwa moja linatua kwenye kitambaa, ni kama ile michezo ya utotoni ya kuchoma karatasi na lenzi. Tulikwenda Kitulo mwezi wa pili, maua yamejaa bonde zima, mi nikaiweka juu ya boneti ya gari lenzi inatazama juu, kifuniko sikuweka, nikaenda kununua chai ya chupa. Kurudi sikujua kitu. Nikapiga mkanda mzima. Nimeusafisha nyumbani, kila picha ina nukta nyeupe pale pale, ua, nukta, mzee na punda, nukta, nikasema hizi nyota za mchana zimetoka wapi.

NEEMA: (anacheka) Nyota za mchana.

LUSAJO: Pazia limetoboka. Nikaziba kwa tone la rangi nyeusi ya mpira kwa njiti ya kiberiti, imekaa mpaka leo.

NEEMA: Ungeweka kifuniko.

LUSAJO: Kifuniko nacho ni mtego! Kwa sababu huangalii kupitia lenzi, ukisahau kukitoa kidirishani unaona kila kitu kizuri, unapiga 36 zote giza. Mi zote mbili zimenipata. Afadhali hiyo ya kwako, shata ya ndani ya lenzi haiungui.

NEEMA: Na Canon P?

LUSAJO: Canon P pazia lake ni la chuma, haliungui, linakunjamana tu kama bahasha, ukiona makunyanzi usiogope linafanya kazi. Ile ni kamera tamu sana, ya mwisho wa miaka ya hamsini, inachukua lenzi hizo hizo za uzi. Ila kwa laki nne na lenzi yake sidhani kama anaipata mpaka mtu awe amechoka nayo.

NEEMA: Sasa mtetee Mrusi wako.

LUSAJO: Mrusi ni mlango. Ukichukua Zorki 4 au FED 2, kamera nyingine ya Kisovieti, unaingia kwenye uzi wa 39, na lenzi yoyote ya uzi huo utakayonunua leo, siku ukipata hela ukanunua kamera ya Leica M, ambayo lenzi zake hazina uzi, unaweka adapta nyembamba kama sarafu na lenzi inakaa. Kinyume chake hakuna, lenzi ya M haiwezi kukaa kwenye uzi. Na lenzi ya kuanzia ni Jupiter-8, milimita 50, f/2, Warusi waliichukua kwa Wajerumani, ni lenzi ya Sonnar ya Zeiss ya kabla ya vita, ukiifungua yote uso wa mtu unakuwa laini una mng'ao fulani, sijui niseme nini, kama picha za harusi za wazee wetu kwenye ukuta wa sebuleni. Hiyo bei yake ni ya mtu wa kawaida. Kama huna hata hiyo kuna Industar-61, f/2.8, kali zaidi ila haina huo utamu.

NEEMA: Na ile lenzi ya milimita 35?

LUSAJO: Jupiter-12. Nzuri, ila makalio yake yametokeza nyuma sana, kuna kamera haiingii, na kwenye Zorki kidirisha ni cha 50 tu kwahiyo ununue kidirisha kingine cha kuweka juu. Hapo laki nne imeshaaga. Kijana aanze na 50 akae nayo mwaka.

NEEMA: Na sheria ya Zorki, ile ya kuvuta.

LUSAJO: Ee! Usiguse namba ya kasi kabla hujavuta mkanda. Vuta kwanza, halafu ndo uchague kasi. Ukigeuza kabla unaweza kuvunja kitu ndani na fundi wake kumpata ni shughuli. Ndo maana ukinunua kwa mtu kwanza muulize yeye anaivutaje, akigeuza kabla mbele yako rudisha hela mfukoni.

NEEMA: Hapo ndo tufike, kwenye kukagua. Mi lenzi yangu ya kwanza nilinunua mtandaoni, muuzaji ameandika safi kabisa, picha amepiga kwa mbele tu, nimeifungua nikaimulika na tochi ya simu kutoka nyuma, ndani kuna utando kama buibui amehamia na ukoo wake. Fangasi. Na kwa watu wa Tukuyu na Rungwe kule mvua haikati, hata ukinunua safi ukiifungia kabatini kwenye mfuko wa ngozi inaota. Iache sehemu yenye hewa na mwanga.

LUSAJO: Vumbi kidogo ndani?

NEEMA: Vumbi halina neno. Mkwaruzo mdogo mbele pia hauna neno. Mkwaruzo kioo cha nyuma, acha. Mwambie muuzaji akutumie video, tochi inapita ndani ya lenzi, halafu shata kwenye kasi ndogo kuliko zote. Ile ya kwako ni sekunde moja si ndio?

LUSAJO: Sekunde moja, inasema chiiii mpaka mwisho. Ikisema chi ikanyamaza, mafuta yamekauka.

NEEMA: Canonet ndogo kabisa ni 1/4, na ugonjwa wake ni visahani kunata, kwahiyo apige mara kumi mfululizo, sio mara moja. Na kama anaangalia Yashica Electro 35, nayo ni f/1.7, milimita 45, rahisi kuliko ya kwangu, asikilize akivuta mkanda ndani iseme tok. Isiposema kuna kapira ndani kameoza. Ila Electro inategemea betri, bila betri inapiga 1/500 tu, na huwezi kuchagua kasi mwenyewe.

LUSAJO: Na kidoa cha fokasi. Hiki watu hawakiangalii. Mi nikikagua kamera hapa Mbeya nilikuwa natazama mlima Loleza, nikaja kugundua mlima mbaya, umelala. Picha ya pili inakuja kwa ubavu, kwahiyo unahitaji kitu kilichosimama. Tafuta mnara wa simu wa mbali, weka lenzi kwenye alama ya mwisho kabisa, ile ya mbali, minara miwili iwe mmoja. Ikibaki miwili ubavuni, inarekebishika kwa bisibisi ndogo. Mmoja ukiwa juu ya mwingine, hiyo mpe fundi au achana nayo. Na kidoa chenyewe kiwe kinaonekana, kuna zingine kimefifia mpaka unatafuta kama mtu aliyeangusha sindano.

NEEMA: Na zile Leica za dhahabu?

LUSAJO: Jamani! Ukikuta sokoni Mwanjelwa au popote Leica ya dhahabu ina nembo za vita ya Hitler kwa laki mbili, hiyo ni FED au Zorki imevalishwa. Sio mbaya kama kamera, ila usilipe jina.

NEEMA: Sasa hesabu. Mi namwambia laki mbili na nusu iishie kwenye kamera na usafiri wake, inayobaki ni mikanda na betri, kwa sababu nawajua watu wamenunua kamera, mkanda hawana, imekaa juu ya tivii na kitambaa cha kudarizi.

LUSAJO: Hapo tumekubaliana. Anunue mikanda nyeusi na nyeupe, asafishe mwenyewe, hata kahawa inasafisha.

NEEMA: Kahawa tena.

LUSAJO: Kahawa ya unga ya kopo, ile ya kuchanganya na maji tu! Lita moja ya maji, gramu 40 za kahawa, gramu 16 za vitamini C, gramu 54 za magadi ya kufulia yale ya dukani, sodiamu kaboneti kavu. Dakika 15 kwenye maji ya digrii 20, na Mbeya maji ya bomba hayahitaji kupozwa saa nyingine yanahitaji kupashwa. Inanuka kama soksi za gerezani. Fiksa, dawa ya kukazia picha isifutike, lazima ununue ya kweli, hiyo kahawa haikusaidii.

NEEMA: Haya kijana wa Makambako, mi nasema Canonet au Electro.

LUSAJO: Mi nasema Zorki na Jupiter-8.

NEEMA: Unamwonea. Kidirisha cha 50 tu, hakuna mita, pazia linaungua, sheria ya kuvuta.

LUSAJO: Ndo ajifunze.

NEEMA: Basi nitumie hiyo Zorki na basi la kesho asubuhi nikae nayo mwezi mmoja, kwaya nitaipiga kwa zote mbili, tuwawekee picha wachague wenyewe.

LUSAJO: Nakutumia. Naifunga kwenye kitenge, namkabidhi kondakta mkononi.

NEEMA: Na uweke kifuniko cha lenzi basi, si unajua dirisha la basi na jua.

LUSAJO: Kifuniko kilibaki Kitulo dada.