Kauli ya Muuguzi Aliyechoka

Waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, makatibu wa afya, wakufunzi na wanafunzi, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa zaidi ya miaka 20, na leo naomba nizungumzie lalamiko ambalo sote tumelisikia kwenye sanduku la maoni, ndani ya daladala na hata misibani: kwamba manesi wana kauli mbaya.

Lalamiko hilo ni la kweli. Mama aliyefokewa akiwa katika uchungu hasahau hadi uzeeni, wala sikuja kumtetea aliyemfokea. Nimekuja kuuliza kauli ile ilitoka wapi, maana binti huyo huyo, alipokuwa mwanafunzi, ndiye aliyemshika mgonjwa mkono na kumwita "mama yangu".

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lilieleza kwamba uchovu wa kazi uliokithiri hutokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa, na kwamba wenyewe si ugonjwa. Zilitajwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Ya kwanza tunaoneana huruma. Ya pili ndiyo tunayoiita roho mbaya. Muuguzi anapoanza kusema "kitanda namba saba" mahali pa jina la mgonjwa, mara nyingi anajikinga, kwa sababu moyo uliobeba vifo vingi bila kupumzishwa hujifunga.

Ya tatu niliijua usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja. Wodi ya wazazi ilikuwa na kina mama tisa wenye uchungu, nami nilikuwa peke yangu na mhudumu mmoja. Mapigo ya moyo wa mtoto hutakiwa kusikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Ukijumlisha kumfikia mama, kumgeuza, kuhesabu kwa dakika nzima na kuandika, mmoja huchukua si chini ya dakika nne; kwa tisa ni dakika 36, na hapo hujamzalisha hata mmoja. Saa kumi na moja alfajiri nilikaa mezani nikajaza patografu tatu kwa kukisia, nukta baada ya nukta, mistari ikanyooka vizuri, kisha nikakabidhi zamu. Hakuna mtoto aliyefariki usiku ule. Hata hivyo nilipofika nyumbani chakula hakikupita, kwa kuwa nilijua karatasi nilizoziacha zilikuwa za uongo, na kwamba usiku uliofuata ningekwenda kuandika nyingine.

Jibu letu la siku zote limekuwa semina ya huduma kwa mteja na maneno matatu: uuguzi ni wito. Ni wito kweli, na ninaamini hivyo hadi leo. Lakini wito hauwezi kuirefusha nusu saa iwatoshe kina mama tisa. Mwaka 2002, mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe, na la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kupatwa na uchovu huu. Mzigo uleule unawaumiza wote wawili, hivyo anayemtetea mgonjwa hana budi kuhesabu wauguzi.

Najua ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, haitajazwa kesho. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi zenye kipato kama chetu. Lakini aliyetoka zamu ya usiku kuitwa kwenye kikao cha asubuhi si suala la bajeti. Wala ratiba inayobandikwa jioni ya kuamkia zamu.

Jambo ninaloliomba kuliko yote ni dogo: ripoti ya zamu iwe na sehemu ya kuandika yasiyofanyika, na asiadhibiwe anayeiandika. Katika wodi niliyoisimamia baadaye tulianza hivyo. Usiku wa kwanza mkunga mmoja kijana aliandika: "Kitanda 3 na 6, mapigo ya mtoto hayakusikilizwa kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu. Nilikuwa nashona msamba kitanda 1." Niliyasoma maneno hayo kwenye kikao cha asubuhi mbele ya mganga mfawidhi, bila kuongeza neno. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza ni nani katika kliniki ya wajawazito anayeweza kuhamishiwa zamu ya usiku.