Kinachobaki Baada ya Kodi: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuwekeza katika Majengo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kukaribishwa. Nimeombwa nizungumze na watu wanaofikiria kununua nyumba yao ya kwanza ya kupangisha, na waandaaji wamenidokezea kwamba wengi wenu mngependa kujifunza namna ya kutambua maeneo ambayo bei zake zitapanda. Naomba radhi mapema, kwa kuwa hilo sitalizungumzia kwa kirefu. Mtu anayejua kwa yakini bei ya kiwanja itakuwa ngapi miaka 10 ijayo sijapata kukutana naye, ingawa nimekutana na wengi wanaodai kuijua, na aghalabu walikuwa na kiwanja cha kuuza. Nitazungumzia kodi ya pango: kiasi kinachoingia, kiasi kinachotoka, na kile kinachobaki mkononi mwa mwenye nyumba wakati kila mwenye haki ya kulipwa ameshalipwa.

Tufanye hesabu moja pamoja. Tuseme nyumba inauzwa kwa 1,000, kwa fedha yoyote mnayoitumia, na mpangaji hulipa 8 kila mwezi. Dalali atazidisha mara 12, apate 96, na kuwaambia kwamba nyumba hii inarudisha karibu asilimia 10 kwa mwaka. Hakusema uongo, lakini amesimama mlangoni mwa hesabu bila kuingia ndani. Mpangaji mmoja akihama na nyumba ikakaa mwezi mmoja kabla ya kumpata mwingine, mapato yameshuka hadi 88. Matengenezo ya kawaida, yaani paa, mabomba, rangi na vitasa, tuyatengee asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka, ambayo ni makadirio ya upole hasa kwa jengo kuukuu. Tunabaki na 78. Kodi ya majengo na bima tuziwekee 6, na anayekusimamia nyumba tumpe asilimia 10 ya kodi iliyokusanywa, yaani 8.8. Kilichobaki ni 63.2. Asilimia 10 ya dalali imekuwa 6 na kidogo, na bado hatujautaja mkopo.

Wengi wenu mtakopa, kwa hiyo tuutaje. Umetoa 300 mfukoni mwako na benki imekukopesha 700 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, urejeshe kwa miaka 20. Marejesho ya kila mwezi yatakuwa karibu 6.3, ambayo kwa mwaka ni takriban 75.6. Nyumba inakupa 63.2. Kila mwaka, basi, utachukua zaidi ya 12 kutoka kwenye mshahara wako ili uilishe nyumba uliyoinunua ikulishe. Hapo muuzaji mwerevu atakukumbusha kwamba sehemu ya marejesho hupunguza deni, na ni kweli: katika mwaka wa kwanza deni hupungua kwa takriban 13, na zilizosalia zote ni riba. Umiliki wako umeongezeka, sikatai. Lakini fundi bomba anayekuja saa nne za usiku halipwi kwa umiliki, hulipwa kwa fedha taslimu, na wawekezaji wapya niliowaona wakianguka walianguka hapo: nyumba zao zilikuwa nzuri, ila fedha za mwezi ziliwaishia.

Ukipata hesabu ya namna hii usikate tamaa, kwa maana inakuambia la kufanya. Ama bei iteremke, ama kianzio chako kiwe kikubwa zaidi, ama uitafute nyumba nyingine. Ukikopa 500 badala ya 700, marejesho ya mwaka yanakuwa 54, na nyumba inajilipia na kubakiza 9 na ushei. Ni kidogo, nami nakiri kwamba kwa mtaji wa 500 si kitu cha kujivunia. Lakini ukikosa mpangaji kwa mwezi mwingine mmoja, bado utakuwa umesimama.

Mkopo una tabia nyingine ambayo hutajwa upande mmoja tu. Aliyenunua kwa kutoa asilimia 20 ya bei, thamani ikipanda kwa asilimia 20, mtaji wake umekuwa maradufu. Thamani ikishuka kwa kiwango hicho hicho, mtaji wake wote umekwisha, na deni liko pale pale. Nchini Marekani bei za nyumba zilifika kileleni mwaka 2006, zikaporomoka kwa kiasi cha robo kwa wastani wa nchi nzima, na hazikuanza kuinuka tena kwa uthabiti hadi mwaka 2012. Japani, ambako bei za ardhi mijini zilianza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilishuka kwa zaidi ya muongo mmoja. Wale ambao kodi zao zilitosha kulipa marejesho waliweza kungoja. Waliotegemea kuuza kwa bei ya juu mwaka unaofuata hawakuwa na cha kungojea. Kwa sababu hiyo napendelea mkopo wenye riba isiyobadilika pale unapopatikana. Na kama riba yenu inabadilika, rudieni hesabu yote mkiiongeza kwa asilimia 2 au 3, muone kama mtapata usingizi.

Sasa nije kwenye hati. Mwaka 1858, huko Australia Kusini, Robert Torrens alifanikisha sheria iliyolifanya daftari la serikali lenyewe kuwa uthibitisho wa umiliki, na nchi nyingi zimefuata utaratibu huo. Kwingineko, sehemu kubwa ya Marekani ikiwemo, ofisi hutunza tu kumbukumbu za mauziano bila kuthibitisha kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali, na ndiyo sababu wanunuzi wa huko hukata bima ya hati. Jueni kwanza nchi yenu iko upande gani. Kisha, nakala ya hati mliyoonyeshwa na muuzaji isiwatoshe. Nendeni wenyewe kwenye masijala, au mumtume wakili wenu, mkague kama mali imewekwa rehani, kama ina zuio la mahakama, na kama jirani ana haki ya kupita humo. Mipaka ihakikiwe na mpima, na mwenzi wa ndoa au warithi ambao ridhaa yao inatakiwa kisheria watie saini mbele ya shahidi. Fedha zipitie kwa wakili au benki, kamwe zisipitie mkononi mwa dalali, hata awe mjomba wenu.

Kuhusu ukaguzi wa jengo nitasema kwa aibu kidogo. Nyumba yangu ya kwanza niliikagua mchana wa jua kali, nikaridhishwa na rangi mpya ya dari. Mvua zilipoanza nikaelewa kwa nini dari ilikuwa imepakwa rangi. Paa lile lilikula kodi ya mwaka mzima. Tangu wakati huo namlipa fundi wangu mwenyewe, asiyependekezwa na muuzaji, apande darini, afungue bomba zote kwa wakati mmoja, akague nyaya na kufuata maji machafu yanakoishia. Ada yake huonekana kubwa mpaka siku atakapokuambia usinunue.

Mpangaji naye achunguzwe kwa heshima: kipato chake, na neno la mwenye nyumba aliyetangulia, maana wa sasa huenda anataka tu kumwondoa. Mkataba uwe wa maandishi, na dhamana yake iwekwe akaunti ya peke yake, kwa kuwa si fedha yenu. Msipandishe kodi hadi kikomo cha soko. Mpangaji mwema anayekaa miaka 5 kwa kodi ya chini kidogo huleta zaidi kuliko watano wanaopishana, kwani mwezi mmoja mtupu ni zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka.

Kuna ambao, baada ya haya yote, wataona kwamba hawana muda wala kifua cha kushughulika na mabomba. Kwao ipo mifuko ya uwekezaji wa majengo, yaani kampuni zinazokusanya fedha za wanahisa wengi na kuziwekeza katika majengo, ambayo Marekani iliitungia sheria mwaka 1960 na ambayo huko hutakiwa kugawa angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Hisa zake huuzwa kwa siku moja, jambo ambalo nyumba haiwezi, ingawa bei yake nayo huyumba kila siku mbele ya macho yenu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hesabu ile nimeiacha ubaoni. Naomba maswali yaanze na wale ambao tayari wana nyumba wanayoitazama. Watutajie bei na kodi waliyoambiwa, tuanze kuikata hapa hapa.