Kompyuta ya gemu kwa laki tisa, hapa hapa Dodoma

Habari zenu wadau, karibuni tena Nkuhungu. Leo nina laki tisa mezani, na tukimaliza nataka hapa pawe na kompyuta ya kuchezea gemu: GTA V iende bila kugandaganda, Valorant iende, mpira uende. Laki tisa hiyo ni ya boksi, yaani kompyuta yenyewe, kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, na mambo ya umeme. Kioo, kibodi na mausi siviingizi kwenye hesabu, kila mtu ana pa kuazima. Bei ya kitu kimoja kimoja pia sitaji, maana ukiitazama video hii mwezi ujao zitakuwa zimeshahama. Mgawanyo wangu ni huu: nusu ya hela inanunua boksi, theluthi inanunua kadi, kinachobaki ni cha umeme na vikorokoro.

Nikikutana na vijana wa chuo kule Ng'ong'ona, swali ni lile lile: "Kaka, ninunue prosesa gani?" Yaani ule ubongo wa kompyuta. Nami nawauliza: pawa saplai yako, ile inayoilisha umeme kompyuta nzima, ina wati ngapi? Wananitazama kama nimewauliza habari za ukoo wao.

Hilo nimelijua kwa hela yangu mwenyewe. Boksi langu la kwanza lilikuwa lile jembamba la ofisini, ndani lina prosesa ya i7, nikajiona mjanja. Nikateremka Dar, nikazunguka Kariakoo siku nzima, nikarudi na kadi ya RX 580. Kufika nyumbani, kadi ni pana kuliko boksi. Mfuniko haufungi. Nikasema potelea mbali, lichezewe wazi. Halafu nikaona kadi ina tundu la plagi ya pini 8, na kwenye boksi plagi hiyo haipo kabisa. Nikasoma karatasi ya pawa saplai: wati 180. Kadi peke yake inakula 185. Nilikaa nayo miezi mitatu kabatini kama sahani ya wageni.

Kwa hiyo leo tunaanzia kwenye umeme, prosesa itafuata.

Hatua ya kwanza, boksi. Kwa laki tisa usinunue kipande kimoja kimoja kipya. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, na boksi la mtumba la ofisini linakuja na RAM yake, mazabodi yake, ule ubao unaounganisha vyote, na prosesa yake humo humo. Nazungumzia Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, hizi zilizostaafu maofisini huko ng'ambo zikaletwa kwetu. Dukani ukisema "nataka sipiyu" utapewa boksi zima, na muuzaji hatakosea, ndivyo tunavyoita. Ila kwenye video hii nikisema prosesa namaanisha kile kidude kidogo cha katikati.

Maboksi haya yana maumbo matatu. Kuna dogo kama kamusi: hilo achana nalo, kadi haiingii. Kuna jembamba, lile lililoniponza: linakubali kadi fupi tu, zile za kimo cha nusu. Na kuna la mnara. Chukua la mnara hata kama muuzaji anakusifia jembamba kwa kuwa "ni la kisasa". Uzuri wa boksi hauchezi gemu.

Hatua ya pili, kusoma jina la prosesa. Hili langu ni i5-8500. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ni kizazi: hapa ni 8. Ukiona i5-10400, tarakimu ni tano, basi chukua mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha 10. Usishuke chini ya cha 8. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8 rasmi. Ipo njia ya kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, lakini Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za ndani ya mashine, ziwe zimewashwa, hapo ujanja unaanza kugoma. Kingine: i5-6500 na i5-7500 zina koa nne, yaani vichwa vinne vya kazi ndani ya prosesa. Hii 8500 ina koa sita. Herufi "i7" isikutishe, i7-6700 ni ya 2015, na vijana wanauziwa mpaka leo kwa maringo.

Hatua ya tatu ndiyo video yenyewe. Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji afungue mfuniko. Akikataa, aga vizuri, nenda duka la pili. Mnaona hili sanduku la bati lenye feni, pembeni? Ndiyo pawa saplai. Ina karatasi. Hapa imeandikwa wati 260. Usiishie hapo, tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi vinakula kutoka kwenye huo. Ukiona 12V na pembeni 18A, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo wati za kazi. Kuna pawa saplai za bei chee zimeandikwa 500 kwa herufi kubwa, ukipiga hesabu ya volti 12 hufiki hata 250.

Sasa tujumlishe mahitaji. Prosesa hii inaandikwa wati 65, ingawa ikikimbia inaruka juu kidogo. Mazabodi, RAM, feni na diski, weka 45. Tumefika 110. Kwenye zile 216 kadi ya wati 75 inakaa vizuri na nafasi inabaki. Ya wati 185 haikai, hata uiombee.

Mtu ataniambia, si nibadilishe pawa saplai? Tazama plagi inayoingia kwenye mazabodi. Ya kawaida ni ile pana, ya pini 24. Hii ya Dell ni ndogo, ya kwao wenyewe. HP nao wana ya kwao. Waya za kugeuza zipo, wengine zimewafaa, lakini hapo tayari umeongeza gharama ya pawa saplai mpya na waya, na wakati mwingine pawa saplai mpya haienei kwenye boksi. Kwa laki tisa siingii huko.

Hatua ya nne, kadi. Umeshajua una wati 75, basi soko limejichuja lenyewe. Tundu refu la kadi kwenye mazabodi linaweza kutoa mpaka wati 75, kwa hiyo unatafuta kadi isiyo na plagi ya ziada. Yangu ni GTX 1650 ya GB 4. Angalieni ukingo wake wa juu: hauna tundu lolote. Kuna GTX 1650 nyingine, jina hilo hilo, zina tundu la pini 6. Hiyo kwenye boksi hili ni pambo. Kama hela imepungua kuna GTX 1050 Ti, ya 2016, nayo ya wati 75. RX 6400 ni ndogo na haihitaji plagi, lakini inatumia njia nne tu za kupitisha data, na kwenye mazabodi za umri huu inapoteza nguvu. Mimi nimeiacha.

Kadi za mtumba zina wizi wake. Kuna kadi za zamani sana zinabadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kuwa GTX 1050 Ti. Kompyuta inaamini, na wewe unaamini. Kwanza tazama matundu ya nyuma. Familia hii ya kadi haitoi picha ya VGA, kwa hiyo ukiona lile tundu la bluu, weka shaka. Pili, njoo na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ya bure, na kadi nyingi za kughushi inaziandikia FAKE mbele ya jina. Tatu, iwashwe hapo hapo dukani, icheze kitu kizito nusu saa, wewe ukiwa umekaa kwenye benchi. Vidoti vya rangi vikianza kuchezacheza kwenye kioo, au feni ikikoroma, ondoka.

Mkitoka nayo Dar, kwa basi au kwa SGR, kadi isisafiri ikiwa imechomekwa ndani ya boksi. Matuta mawili tu yanatosha kuvunja tundu. Ifunge kwenye nguo, weka kwenye begi la mapajani.

RAM na diski sitakaa sana. Boksi lilikuja na kijiti kimoja cha GB 8, nimeongeza cha pili cha GB 8 cha kasi ile ile. Viwili vya nane vinashinda kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inasoma vyote kwa pamoja. SSD iliyomo ni ya GB 256, na GTA V peke yake inakula zaidi ya 100, kwa hiyo utachagua gemu za kukaa nazo.

Mwenye hela zaidi, au anayeweza kununua kidogo kidogo, njia yake ni nyingine: Ryzen 5 5600G, mazabodi ya B450 au B550, vijiti viwili vya RAM, na pawa saplai ya kawaida ya wati 500 au 550 yenye jina. Prosesa hiyo ina grafiki ndani yake, unacheza gemu nyepesi mwaka mzima bila kadi, hela ikipatikana unaongeza RX 6600 inayokula wati 132. Ni njia nzuri kuliko hii yangu. Ila laki tisa haifiki huko.

Haya, Dodoma sasa. Adui wa mashine hapa ni upepo wa kiangazi. Nimefungua boksi hili lilipokuwa na miezi minne tu chumbani humu, mtazame kwenye feni: vumbi limeshikana kama sufi ya mto. Feni ikizibwa joto linapanda, prosesa inajipunguza kasi yenyewe, halafu mtu anasema kadi mbovu. Dawa yangu ni soksi ya kike, zile nyembamba za nailoni. Kata kipande, kivute kwenye matundu ya mbele, kibane kwa gundi ya karatasi. Kila mwezi unakivua, unafua, unarudisha. Boksi likae mezani, lisikae sakafuni. Ukipuliza kwa blowa, zima kila kitu na ushikilie mapanga ya feni kwa kidole, maana yakizungushwa kwa kasi ya blowa yanaua bearingi.

Mashine ya mtumba ivue pia ile feni ya prosesa. Pesti ya joto iliyopo chini yake huwa imekauka kama ugali wa juzi. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere ndogo, bana skrubu kwa kupishana kona.

Umeme: ile taa inapopepesa jioni, SSD yako inaandika kitu, na umeme ukikatika hapo kinaweza kuharibika. Tafuta UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshika mashine umeme ukikatika, hata ya mtumba yenye betri mpya. VA inayoandikwa juu yake siyo wati. UPS ndogo ya VA 650 hubeba wati 360 hivi, kwa mashine hii ya wati 200 inatosha. Hautacheza nayo gizani, utapata dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

Tunafunga. Kadi inaingia mpaka usikie "tak", skrubu ya nyuma, mfuniko. Sasa waya wa kioo, na hapa nimeitwa nyumba za watu zaidi ya mara moja: usiuchomeke juu, kwenye matundu ya mazabodi. Chomeka chini, kwenye kadi. Ukiuchomeka juu gemu inaweza kukwamakwama huku kadi uliyoinunua imelala.

Washa. Draiva, programu za kuiendesha kadi, ziweke upya kutoka tovuti ya NVIDIA, usichukue za kwenye CD ya dukani. Gemu iweke 1080p, mpangilio wa kati, usiguse vivuli. Nusu saa imepita, joto la kadi ni nyuzi 71 na dirisha limefungwa. Mdogo wangu, leta simu karibu waone namba... Mdogo wangu? Jamani, ameshaweka simu chini, ameshika mausi.