Karatasi ya Mama Mdogo

AMBOKILE: Karibuni tena, wapendwa. Leo Mbeya baridi imekaza, tumejifunga masweta humu studio. Dada Tusekile, wewe umekaa maabara miaka mingi, nina swali la nyumbani. Mama mdogo wangu wa Uyole amepima damu, HDL yake ni 1.2. Na mimi nilipima mwezi uliopita, 1.2 hiyohiyo. Nikamwambia, mama, tuko sawa.

TUSEKILE: Hamko sawa, kaka. HDL ni yale mafuta mazuri, yanazoa lehemu, yaani kolesteroli, na kuirudisha kwenye ini. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mwanaume tunamhesabia hatari akiwa chini ya 1.0. Mwanamke, chini ya 1.3. Wewe umevuka, yeye ameshashuka.

AMBOKILE: Mbona karatasi yake haina alama yoyote?

TUSEKILE: Hilo ndilo linaloniuma! Fomu nyingine zina kiwango kimoja kwa watu wote. Mama wa watu anaikunja karatasi, anaitia kwenye pochi, anarudi shambani roho kwatu.

AMBOKILE: Tofauti hiyo inatoka wapi?

TUSEKILE: Kwa sehemu kubwa ni estrojeni, ile homoni ya kike. Mwanamke anayeendelea kupata hedhi, mafuta mazuri huwa juu, na unene wake hukaa nyongani na mapajani. Hedhi ikikoma, mafuta yanahamia tumboni, yanazunguka ini na utumbo. Ana miaka mingapi?

AMBOKILE: 54. Na analalamika sketi zinambana kiunoni, wakati kilo hazijaongezeka sana.

TUSEKILE: Unaona? Sisi huku mtu akitoa kitambi tunampongeza, tunasema amepata afya. Ulimpima kiuno?

AMBOKILE: Nilimpima, kwa futi kamba ya fundi cherehani. Sentimita 93.

TUSEKILE: Juu ya nini?

AMBOKILE: Juu ya sweta na kitenge.

TUSEKILE: Rudia, kaka. Avue sweta, ashushe pumzi, futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akifika 80 tunahesabu, mwanaume 94. Na triglisaraidi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, je?

AMBOKILE: 1.1. Hiyo si nzuri?

TUSEKILE: Ni nzuri, mpaka wake ni 1.7. Ila isikutulize. Sisi Waafrika wengi triglisaraidi hubaki chini hata pale insulini, homoni inayoshusha sukari, imeshaanza kushindwa kazi. Sukari kabla hajala?

AMBOKILE: 5.8.

TUSEKILE: Mpaka ni 5.6. Tunaangalia vitu vitano: kiuno, presha, sukari, triglisaraidi na HDL. Vikiharibika vitatu, ndiyo sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa hatari za kisukari na moyo. Mama mdogo tayari ana viwili, HDL na sukari; kiuno tunasubiri ukirudie. Na mwanamke akishapata kisukari, ile nafuu ya moyo aliyomzidi nayo mwanaume hupungua sana. Presha yake?

AMBOKILE: Hajapima. Anasema haumwi kichwa.

TUSEKILE: Presha inaweza kupanda kichwa kisiume hata kidogo. Ikifika 130 kwa 85, nayo inahesabiwa.

AMBOKILE: Jumamosi napanda daladala ya Uyole, nampeleka mwenyewe.

TUSEKILE: Nenda na ile karatasi. Mwonyeshe daktari hiyo 1.2, umwambie ni ya mama wa miaka 54.